Ndege ilikuwa wapi? Uchambuzi wa kisa cha Garissa, 2015, na mageuzi ya usalama yaliyofuata

Kisa hiki, shambulio la al-Shabaab, kundi la wapiganaji wa Kiislamu la Somalia, dhidi ya chuo kikuu kishiriki cha Garissa, kila Mkenya anakijua, kwa hiyo kuficha mahali na tarehe kungekuwa mchezo wa kuigiza. Nilichokiondoa ni majina ya watu: wanafunzi, wazazi, mashahidi na maafisa, hata wale waliotajwa redioni kila saa. Kila mtu anatajwa kwa kazi aliyokuwa akiifanya siku hiyo. Swali ninalolifuata ni moja: serikali ilipoamua kubadili namna inavyokabiliana na tishio la al-Shabaab, ilirekebisha kile kilichoharibika, au ilirekebisha kitu kingine?

Usuli

Mji wa Garissa uko kando ya Mto Tana, yapata kilomita 370 kutoka Nairobi kwa barabara. Chuo chenyewe kilikuwa zamani chuo cha walimu. Mwaka 2011 kikageuzwa kuwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Moi. Kufikia 2015 kilikuwa na wanafunzi wapatao 800, wengi wao kutoka mikoa ya mbali, waliopangiwa nafasi hapo na mfumo wa kitaifa wa udahili. Wengi hawakuwa na ndugu mjini wala hawakujua lugha ya huko.

Oktoba 2011 majeshi ya Kenya yalivuka mpaka kuingia Somalia katika Operesheni Linda Nchi, kufuatia utekaji nyara wa watalii Lamu na wafanyakazi wa misaada katika kambi ya wakimbizi ya Dadaab. Mwaka uliofuata yakaingizwa rasmi katika kikosi cha Umoja wa Afrika, AMISOM. Al-Shabaab waliahidi kulipiza kisasi, na Garissa ilianza kulipa mapema. Julai 1, 2012 makanisa mawili yalishambuliwa Jumapili asubuhi. Novemba mwaka huo wanajeshi watatu waliuawa kwa risasi mjini, na wenzao wakajibu kwa kuingia mitaani. Soko likateketezwa kwa moto na raia wakapigwa.

Tukio hilo la Novemba linaeleza kwa nini taarifa hazikuwa zikifika. Mzee wa Garissa aliyeona soko likiungua 2012 alikuwa pia anakumbuka Bulla Karatasi, 1980, serikali ilipouchoma mtaa mzima baada ya maafisa wake kuuawa. Jirani yake wa Wajir alikuwa na kumbukumbu ya mauaji ya Wagalla, 1984. Eneo lote lilitawaliwa kwa sheria za hali ya hatari tangu vita vya Shifta, uasi wa miaka ya 1960 wa waliotaka eneo hilo lijiunge na Somalia, hadi 1991. Ukimwambia mtu wa namna hiyo aende kituoni kuripoti kijana mgeni aliyemwona msikitini, anapiga hesabu: nikisema, nani atachukuliwa? Mara nyingi jibu lilikuwa mtaa mzima, na yeye mwenyewe akiwemo.

Huko Nairobi mambo yalikuwa na sura nyingine. Septemba 2013 watu wanne wenye bunduki waliingia jengo la maduka la Westgate, wakaua watu 67. Kikosi cha Recce, makomando wa tawi la polisi liitwalo GSU, kilikuwa tayari kimewabana magaidi jioni ya siku ya kwanza pale jeshi lilipoingia bila mpango wa pamoja. Kamanda mmoja wa Recce akauawa kwa risasi za upande wake mwenyewe, polisi wakajiondoa, na jengo likakaa mikononi mwa jeshi kwa siku kadhaa huku maduka yakiporwa. Rais aliahidi tume ya uchunguzi. Haikuundwa. Ripoti ya kamati za Bunge nayo ilikataliwa na Bunge lenyewe.

Aprili 2014 ikaja Usalama Watch: misako Eastleigh, mtaa wa Nairobi wenye Wasomali wengi, watu karibu 4,000 wakikamatwa na wengi kuzuiliwa katika uwanja wa Kasarani wakisubiri kukaguliwa vitambulisho. Miezi miwili baadaye mji wa Mpeketoni, Lamu, ukashambuliwa. Novemba 22 abiria 28 wa basi wakauawa Mandera, wengi wao walimu waliokuwa wakirudi makwao kwa likizo. Siku kumi baadaye, wachimba mawe 36. Hapo ndipo waziri wa usalama wa ndani alipoachishwa kazi na Inspekta Jenerali wa Polisi akajiuzulu, na kabla ya Krismasi Sheria ya Marekebisho ya Sheria za Usalama ikapitishwa katika kikao ambacho wabunge walirushiana maji na ngumi. Februari 23, 2015 Mahakama Kuu ilifuta vifungu vinane vya sheria hiyo, kikiwemo kile kilichoweka kikomo cha wakimbizi 150,000 kwa nchi nzima.

Kwa hiyo kufikia Machi 2015 Kenya haikuwa imelala. Ilikuwa na waziri mpya, mkuu mpya wa polisi na sheria mpya.

Wiki ya tukio

Wiki ya mwisho ya Machi dalili zilikuwa wazi. Chuo Kikuu cha Nairobi kiliwatangazia wanafunzi wake kwamba kuna taarifa ya uwezekano wa shambulio dhidi ya chuo kikuu. Uingereza na Australia ziliongeza tahadhari kwa raia wao wanaosafiri Kenya. Aprili 1 Rais alizijibu tahadhari hizo hadharani, akisema Kenya ni salama kama nchi nyingine yoyote duniani. Huko Garissa kwenyewe, wanafunzi walionusurika walisimulia baadaye kwamba matangazo ya tahadhari yalikuwa yamebandikwa chuoni, na kwamba kwa kuwa ilikuwa tarehe mosi Aprili, baadhi yao walidhani ni mzaha wa Siku ya Wajinga. Ulinzi wa usiku langoni ulibaki kuwa wa askari wachache.

Alhamisi, Aprili 2, yapata saa kumi na moja na nusu alfajiri, watu wanne wenye bunduki waliwapiga risasi walinzi wa lango. Waliingia kwanza walipokuwa wamekusanyika wanafunzi Wakristo kwa maombi ya asubuhi, kisha wakaelekea mabwenini. Waliwatenganisha Waislamu na wasio Waislamu. Simu zilianza kulia nchi nzima: watoto wakiwapigia wazazi kutoka chini ya vitanda, wengine wakiagana nao. Msichana mmoja alijificha kabatini na hakutoka kwa siku mbili. Alipopatikana, hakuamini kwamba waliokuja kumtoa ni askari wa kweli. Njaa na kiu zilipomzidi alikuwa amekunywa mafuta yake ya kujipaka.

Garissa ina kambi ya jeshi, na wanajeshi walifika mapema. Walizingira eneo, wakasaidia mamia ya wanafunzi kutoroka, lakini majaribio ya kuingia bwenini walikokuwa magaidi yalizimwa kwa risasi. Kazi ya kuingia jengo lenye mateka ni ya Recce, na Recce walikuwa Nairobi.

Hapa inafaa kwenda polepole. Kikosi kiliarifiwa alfajiri ile ile. Ndege ya kukibeba haikuwa tayari. Magazeti ya Kenya yaliripoti kwamba ndege moja ya polisi ilikuwa imekwenda Mombasa asubuhi hiyo na kurudi na jamaa za afisa. Maelezo ya mhusika yalikuwa kwamba ni safari ya mafunzo. Sehemu ya kikosi ilipaa karibu na adhuhuri, wengine wakapelekwa kwa barabara. Waziri na Inspekta Jenerali walikuwa wameshatua Garissa, na wapo waandishi wa habari waliotoka Nairobi kwa gari na kufika kabla ya makomando. Recce walikamilika chuoni alasiri, wakaingia bwenini yapata saa kumi na moja jioni, na kazi yenyewe haikuzidi nusu saa. Magaidi wote wanne wakafa.

Waliouawa walikuwa 148: wanafunzi 142, polisi watatu na wanajeshi watatu.

Msemaji wa serikali alipobanwa kuhusu ucheleweshaji huo, alisema kupambana na ugaidi ni kama kuwa kipa: unaokoa mabao mia, watu wanakumbuka lile moja lililopita. Si hoja ya kijinga. Shida ni kwamba siku hiyo kipa hakuwa golini kwa saa kumi na moja.

Maamuzi yaliyofanywa, na sababu zake

Ndani ya siku nne ndege za kivita za Kenya zilikuwa zimeshambulia kambi za al-Shabaab katika eneo la Gedo, Somalia. Sababu yake inaeleweka bila maelezo mengi: wananchi walikuwa na hasira, maiti zilikuwa zikitambuliwa na wazazi katika hifadhi ya Chiromo, na serikali ilihitaji kuonekana ikipiga. Kafyu ya usiku nayo iliwekwa Garissa, Wajir, Mandera na Tana River.

Aprili 11 Naibu Rais alilipatia Shirika la Wakimbizi la Umoja wa Mataifa miezi mitatu kuiondoa kambi ya Dadaab, iliyokuwepo tangu 1991 na wakati huo ikihifadhi watu wapatao 350,000. La sivyo Kenya ingewahamisha yenyewe. Hoja ilikuwa kwamba mashambulio yalipangwa kambini. Pamoja na hilo ukatangazwa ujenzi wa ukuta mpakani, kuanzia Mandera, katika mpaka wenye urefu wa karibu kilomita 700.

Uamuzi wa tatu haukupata picha nyingi gazetini lakini uliwagusa watu wengi zaidi. Serikali ilifungia akaunti za watu na taasisi 86, zikiwemo kampuni 13 za kutuma fedha. Ukiishi Eastleigh unajua hawala ni nini: ada ya shule ya mtoto aliye Kismayo, dawa ya mama aliye Mogadishu, mtaji wa duka Garissa. Ndani ya orodha hiyo yalikuwemo mashirika mawili ya haki za binadamu ya Mombasa yaliyokuwa yakirekodi mauaji na kupotea kwa vijana mikononi mwa polisi. Hayo yalikwenda mahakamani na yakashinda.

Rais pia aliagiza makurutu 10,000 wa polisi waripoti mafunzoni, ingawa Mahakama Kuu ilikuwa imebatilisha uandikishaji wao mwaka uliotangulia kwa sababu ya rushwa. Mahakama ya Rufani ikashikilia kwamba uandikishaji ule ni batili, na zoezi likarudiwa. Tujiulize hapa: askari aliyenunua nafasi yake atasimama upande gani wa kizuizi barabarani usiku, mtu mwenye gari lisilokaguliwa akimnyooshea noti?

Kisha kuna maamuzi mawili yaliyotolewa kwa sauti ya chini. Katikati ya Aprili waziri alitangaza msamaha kwa vijana wa Kenya waliojiunga na al-Shabaab na wanaotaka kurudi, kwa muda wa siku kumi. Na mwaka huo huo eneo la Kaskazini Mashariki likapewa mratibu mpya wa serikali: mtu wa jamii ya Wasomali wa Kenya, mtumishi wa serikali wa miaka mingi aliyekuwa na jina la kubebeka mbele ya wazee. Alianza kwa kuwaita wazee, maimamu, wafanyabiashara na vijana, na kuwaambia kwamba anayejua jambo amtafute yeye moja kwa moja, na kwamba anayeripoti hatageuzwa mshukiwa. Misako ya mtaa mzima mjini ikapungua.

Matokeo

Dadaab haikufungwa kwa miezi mitatu. Serikali ilijaribu tena 2016, na Februari 9, 2017 Mahakama Kuu ikasema hatua hiyo ni kinyume cha Katiba. Ukuta ulisonga kwa mwendo wa kobe: Machi 2018 wabunge walitaka ujenzi usitishwe baada ya kuambiwa kwamba kilomita chache tu za ua zimekula mabilioni ya shilingi. Kampuni za hawala ziliruhusiwa kufungua tena katikati ya 2015.

Chuo kilifunguliwa tena Januari 2016, kikiwa na kituo cha polisi ndani yake, na baadaye kikawa chuo kikuu kamili. Ndani ya mji wa Garissa mashambulio makubwa yalikoma. Hata mapema kidogo tu, Desemba 2015, abiria Waislamu wa basi karibu na El Wak, Mandera, walikataa kutengana na Wakristo magaidi walipowaamuru. Mwalimu mmoja Mwislamu aliyewakinga wenzake alipigwa risasi na akafa Januari. Taifa lilimtunukia nishani.

Septemba 2016 Kenya ilizindua mkakati wa kitaifa wa kukabiliana na misimamo mikali ya kutumia nguvu, chini ya Kituo cha Kitaifa cha Kupambana na Ugaidi, na kaunti zikaanza kuandika mipango yao.

Mtihani wa kweli ulikuja Januari 15, 2019, katika hoteli ya DusitD2, Nairobi. Washambuliaji watano, mmoja wao akijilipua. Polisi walifika ndani ya dakika, amri ikabaki mikononi mwa polisi, Recce wakaingia mapema, jeshi likasaidia bila kunyakua usukani. Watu zaidi ya 700 walitolewa wakiwa hai, 21 waliuawa. Ukilinganisha na Westgate, tofauti haihitaji mtaalamu kuiona.

Mahakamani, Julai 2019, watu watatu walihukumiwa kwa kusaidia shambulio la chuo: Mtanzania mmoja kifungo cha maisha, na Wakenya wawili miaka 41 kila mmoja.

Uchambuzi

Nianze na kilichoshindikana, kwa sababu kina mengi zaidi.

Hatua zenye sauti kubwa, yaani mabomu ya Gedo, Dadaab, ukuta na akaunti, zilisimama juu ya dhana moja kwamba tishio linatoka ng'ambo na kazi ni kulizuia mlangoni. Sasa tazama waliohusika. Aliyetajwa na serikali kuwa mpangaji mkuu alikuwa amewahi kufundisha madrasa Garissa yenyewe. Mmoja wa wauaji wanne alikuwa Mkenya aliyemaliza shahada ya sheria Chuo Kikuu cha Nairobi. Kiongozi wa washambuliaji wa DusitD2, miaka minne baadaye, alikuwa mtoto wa mwanajeshi wa Kenya, na aliishi Kiambu kama mpangaji wa kawaida. Hakuna ukuta wa Mandera ambao ungewazuia watu hao. Walikuwa na vitambulisho halali na walipanda matatu kama mimi na wewe.

Ni kweli kwamba amri, fedha na itikadi vilitoka Somalia, na ni kosa kudai kwamba mpaka hauna maana. Lakini mpaka ulikuwa sehemu ya tatizo iliyokuwa rahisi kuonyeshwa kwenye televisheni. Waziri akisimama mbele ya nguzo za zege anaeleweka mara moja. Akisema amebadilisha utaratibu wa nani anaidhinisha ndege ya Recce kupaa, hapati hata sekunde kumi za taarifa ya habari.

Kisa cha yule mhitimu wa sheria kina jambo jingine ninaloliona zito kuliko yote. Baba yake alikuwa chifu Mandera, yaani afisa wa serikali. Kijana alipopotea, baba aliripoti kwa wakuu kwamba hamwoni na anahofia amekwenda Somalia. Wizara yenyewe ndiyo iliyolisema hili baada ya shambulio. Chifu alifanya kila ambacho kampeni za Nyumba Kumi, mpango wa majirani kulinda mtaa wao na kuripoti, zinamtaka mzazi afanye. Kisha taarifa ikaenda wapi? Haikuwa na mwenyewe. Polisi wana faili zao, Idara ya Ujasusi ina zake, kamishna wa kaunti anapeleka ripoti wizarani, jeshi linaripoti Ulinzi. Kila mmoja alikuwa na kipande, na kila mmoja angeweza kusema kwa haki kabisa kwamba alikipeleka mbele. Tahadhari ya vyuo vikuu ilikwama kwa namna ile ile: Chuo Kikuu cha Nairobi, kilichoko umbali wa dakika chache kutoka makao makuu ya kila idara, kiliipata na kuifanyia kazi, chuo kilicho karibu zaidi na Somalia kilibaki na askari wachache langoni.

Katiba ya 2010 ina Baraza la Usalama la Kitaifa katika Ibara ya 240, na Ibara ya 241 inaeleza ni lini jeshi linaweza kusaidia mamlaka za kiraia. Juu, basi, utaratibu upo. Chini ndiko kulikokuwa na pengo. Sheria ya polisi ilikuwa imetaka kila kaunti iwe na mamlaka ya kusimamia ulinzi ikiongozwa na gavana, lakini mamlaka hizo zilibaki karatasini kwa miaka, sababu Nairobi haikutaka magavana waushike usalama hata kwa kidole. Matokeo yake, kiongozi aliyechaguliwa Garissa alikuwa anasikia habari za usalama wa Garissa pamoja na wasikilizaji wengine.

Saa kumi na moja za Aprili 2 ni tatizo la amri na usafiri, hayo mawili tu. Kikosi kilikuwa na ujuzi. Kilimaliza kazi ndani ya nusu saa. Kilichokosekana ni mtu mmoja mwenye mamlaka ya kusema saa kumi na mbili asubuhi, «ndege hiyo, sasa», bila kuomba ruhusa ya ofisi tatu. Ndiyo maana naona DusitD2 kuwa ushahidi bora wa mageuzi kuliko sheria yoyote iliyopitishwa. Kwa kadiri inavyoonekana, somo la amri lilishikwa. Ingawa lazima niseme: DusitD2 iko Nairobi. Recce hawakuhitaji ndege.

Kuhusu mratibu, nina sifa na shaka. Sifa kwa sababu alibadili hesabu ya yule mzee wa Garissa. Taarifa za ugaidi hazinunuliwi kwa tangazo la zawadi ya shilingi milioni 20 pekee. Zinatolewa na mtu anayeamini kwamba akisema jina moja, mtu mmoja ndiye atakayehojiwa. Mratibu aliifanya ahadi hiyo iaminike kwa kuwa alijua ukoo wa nani unakaa wapi na nani akipiga simu ana ugomvi wa malisho na jirani yake. Shaka ni mbili. Kwanza, huwezi kumpa yeye utulivu wote wa mji: yule mpangaji mkuu aliuawa Kismayo 2016, na al-Shabaab wenyewe walihamia kwenye mabomu ya kutegwa barabarani na mashambulio ya vituo vidogo vya polisi, ambako mji mkuu wa kaunti haukuwa lengo tena. Pili, mpango unaotegemea haiba ya mtu mmoja unakwisha akihamishwa. Katika miaka hiyo hiyo mashirika ya haki za binadamu yalikuwa yakirekodi makumi ya watu waliochukuliwa na maafisa wa usalama Garissa, Wajir na Mandera wasionekane tena. Mkono mmoja ulikuwa unajenga imani, mwingine unaibomoa, na mratibu hakuwa na amri juu ya mkono wa pili.

Vijijini mambo hayakufika kabisa. Januari 2020, Kamuthe, Kaunti ya Garissa, walimu watatu waliuawa na mnara wa simu ukaharibiwa usiku huo huo. Wengi waliiangalia habari ya walimu, na kwa haki. Tume ya kuajiri walimu ikawaondoa wasio wenyeji kutoka eneo hilo, na madarasa yakabaki bila mtu wa kufundisha hisabati wala fizikia. Lakini mnara nao una maana yake. Mfumo mzima wa raia kumpigia afisa simu unahitaji simu ishike. Al-Shabaab walilielewa hilo mapema, na minara ya Garissa, Wajir na Mandera imelipuliwa mara nyingi tangu hapo.

Mahakama zililaumiwa sana miaka hiyo, kana kwamba majaji walikuwa wanawafungulia magaidi mlango. Sioni hivyo. Kila uamuzi uliofutwa au kuzuiwa, yaani kikomo cha wakimbizi, kufungwa kwa Dadaab, makurutu wa rushwa na akaunti za mashirika ya Mombasa, ulikuwa uamuzi ambao hata ungetekelezwa wote, usingeiwahisha Recce Garissa hata kwa dakika moja. Kwa maana hiyo, majaji waliizuia serikali kutumia nguvu zake upande usiofaa, ingawa hiyo haikuwa kazi waliyoombwa kuifanya.

Uchunguzi wa wazi wa Garissa haujafanyika, kama ambavyo wa Westgate haukufanyika. Maafisa kadhaa walisimamishwa kazi, na hapo hadithi ikaishia. Hakuna waraka ambao mkuu wa chuo, mzazi, au kamanda wa kaunti nyingine anaweza kuufungua na kusoma saa kwa saa: nani aliarifiwa, nani aliomba nini, nani alikataa. Tunayoyajua tumeyakusanya kutoka magazeti, mahakama na walionusurika. Kamanda anayepelekwa leo Wajir anarithi desturi za mdomo.

Ukaguzi wa ziada wa vitambulisho kwa watu wa kaunti za mpakani, uliokuwepo kwa miongo, ndio umerudisha mjadala mezani. Februari 2025 Rais alitangaza akiwa Wajir kwamba umefutwa: kijana wa Mandera aombe kitambulisho kama wa Murang'a anavyoomba. Upinzani ulisema mara moja kwamba mlango umefunguliwa kwa wageni na kwa kura za 2027. Inawezekana kura zimo, wanasiasa ni wanasiasa. Lakini wanaopinga kwa jina la usalama wanatakiwa wajibu swali moja la kiutendaji: kijana wa Garissa anayesubiri kitambulisho miaka mitatu, akimwona mgeni mwenye mzigo wa kutilia shaka, ataingia kituo cha polisi akiwa na karatasi gani mkononi?